Penang: Maghala Yalilindwa, Watu Wakaachwa



Historia ya ukoloni mara nyingi husimuliwa kwa majina ya magavana na majemadari. Lakini katika miji ya bandari, mamlaka yalikaa pia ndani ya ofisi za makampuni: katika daftari la benki, katika hati ya bima na katika mkataba ulioandikwa na wakili. George Town, mji wa bandari wa kisiwa cha Penang nchini Malaysia, ni ushahidi wa jambo hilo.

Kisiwa hicho kilikuwa cha Sultani wa Kedah. Mwaka 1786 Francis Light, mfanyabiashara wa Kiingereza aliyeitumikia Kampuni ya India ya Mashariki, alipandisha huko bendera ya Uingereza. Sultani alikubali kwa matumaini kwamba Waingereza wangemlinda dhidi ya jirani yake mwenye nguvu, Siam, ambayo leo ni Thailand. Kampuni ilikipokea kisiwa, ikakataa kutoa ulinzi. Mwaka 1791 Sultani alijaribu kukirejesha kwa nguvu, akashindwa, na mkataba uliofuata ukampa dola 6,000 za Kihispania kwa mwaka. Siam ilipoivamia Kedah mwaka 1821, majeshi ya Kampuni hayakwenda kuitetea.

Juu ya msingi huo biashara ilistawi. Kwanza ilikuwa pilipili manga, kisha madini ya bati kutoka Perak, na baadaye mpira. Benki ya Chartered ilifungua tawi mwaka 1875, ikafuatwa na Benki ya Hongkong na Shanghai mwaka 1884. Kando ya benki zilisimama nyumba za uwakala. Nyumba moja ya aina hiyo iliweza kusimamia shamba la mpira kwa niaba ya wenye hisa waliokuwa London, kuliagizia mitambo, kulikatia bima, kuitafutia meli shehena yake na kuuza mazao yake. Kila hatua ilikuwa na kamisheni. Mvuja jasho aliyegema mpira hakuwajua wenye hisa hao, wala wao hawakumjua.

Wafanyabiashara wa Kichina wa Penang hawakukaa wakitazama. Mwaka 1885 walianzisha kampuni yao ya bima, Khean Guan, na mwaka 1907 ukoo wa Khaw uliunda kampuni ya meli, Eastern Shipping. Ilishindana na meli za Waingereza kwa miaka kadhaa, lakini mwaka 1922 iliangukia mikononi mwa Straits Steamship ya Singapore. Wala si mali yote ya matajiri hao iliyokuwa safi. Serikali ya kikoloni iliwakodisha haki ya kuuza afyuni, nayo ikajaza hazina yake kwa kodi hiyo. Mwaka 1910 ilifuta ukodishaji huo, si ili kuikomesha afyuni, bali ili iiuze yenyewe.

Hata hivyo, haki haikukosa watetezi. James Richardson Logan, wakili na mhariri wa magazeti, aliwatetea wakazi wasio Wazungu mbele ya sheria ya Kiingereza. Alipofariki mwaka 1869, watu wa Penang walimjengea mnara wa kumbukumbu, ambao umesimama karibu na mahakama.

Mtihani mkubwa ulikuja Desemba 1941. Wajapani waliteremka Kota Bharu tarehe 8, na tarehe 11 ndege zao ziliishambulia George Town kwa mabomu. Raia wengi waliuawa. Siku chache baadaye Wazungu waliondolewa kisiwani kwa siri, wakati wa usiku. Wachina, Wamalay na Wahindi, waliokuwa wamebeba mizigo ya bandari na kuandika madaftari ya makampuni kwa vizazi vingi, waliachwa. Mhariri wa gazeti, Manicasothy Saravanamuttu, mzaliwa wa Ceylon, ndiye aliyeteremsha bendera ya Uingereza na kushirikiana na wakazi wenzake kuuhudumia mji uliotelekezwa.

Walioondoka waliacha pia kituo cha redio kikiwa kizima, pamoja na vyombo vya baharini 24 vyenye injini. Adui alikitumia kituo hicho kuwakejeli Waingereza wa Singapore, na vyombo hivyo kuwapeleka askari wake kusini kwa njia ya pwani. Ulinzi ulioahidiwa mwaka 1786 haukuonekana tena mwaka 1941.

Waingereza walirudi Septemba 1945, lakini heshima yao haikurudi nao. Mwaka 1957 uhuru ulipatikana. Hata hivyo, mashamba makubwa na nyumba za uwakala viliendelea kuamuliwa kutoka London. Ilikuwa tarehe 7 Septemba 1981, miaka 24 baadaye, ndipo shirika la uwekezaji la Malaysia, Permodalan Nasional, lilipoingia katika soko la hisa la London na kwa saa chache kununua hisa za kutosha kuimiliki Guthrie, nyumba ya uwakala iliyoanzishwa Singapore mwaka 1821.

Kwa askari wa jeshi na wa polisi, historia ya Penang ina funzo lililo wazi. Ngome iliyojengwa kwa ajili ya maghala hukimbiwa maghala yakishindwa kulipa. Ulinzi hudumu pale tu anayelinda na anayelindwa wanapokuwa watu wa nyumba moja.