Motokaa ya Mtu na Motokaa ya Watu: Habari za Usafiri katika Bonde la Kyela

Miongoni mwa maamuzi ambayo fedha humletea mtu, uamuzi wa kununua motokaa au kuishi bila motokaa ni mojawapo ya yale yanayoonekana mepesi na kumbe ni mazito. Mwenye fedha hudhani kuwa anachagua chombo. Walakini habari za mahali anapoishi humwonyesha kuwa anachagua pia namna ya kukaa na jirani zake. Jambo hili lina ushahidi katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, lakini ni sehemu chache zinazolieleza kwa uwazi kama Kyela na pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, ambako kila kizazi kimeulizwa swali hilo hilo kwa sura mpya.

Kyela ni bonde tambarare lililolala baina ya vilima vya Rungwe na maji ya ziwa. Ziwa liko mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, na mji wa Tukuyu, ulio upande wa kaskazini, unapita mita 1,500. Kutoka juu huko hushuka mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo, na upande wa magharibi hupita Songwe, mto unaogawanya Tanzania na Malawi. Mvua za bonde hili hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Ifikapo Aprili na Mei mito hufurika, mashamba ya mpunga huwa maziwa madogo, na njia iliyokuwa ya miguu juzi huwa ya mtumbwi leo. Mashariki, karibu na Matema, milima ya Livingstone hushuka ghafla hata majini, na barabara hukoma hapo. Wakisi wa Ikombe, mafundi mashuhuri wa vyungu, wamezoea kuvileta vyungu vyao sokoni kwa mitumbwi, kwa sababu ziwa ndilo njia yao kuu. Basi katika nchi hii hakuna chombo kimoja kinachotosha mwaka mzima, na mtu aliyeweka matumaini yake yote katika magurudumu manne hana budi kujifunza subira.

Joseph Thomson, kijana wa Uskochi aliyeachiwa uongozi wa msafara wa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia baada ya mkubwa wake, Keith Johnston, kufariki njiani, aliifikia ncha ya kaskazini ya ziwa mwaka 1879. Aliisifu sana nchi aliyoiona: migomba mingi, nyumba safi zilizojengwa kwa ustadi, na vijiji vilivyofagiliwa. Aliyaona hayo yote kwa miguu, na mizigo yake ilikuwa vichwani na mabegani mwa wapagazi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1881, ulianza mpango wa barabara iliyoitwa kwa jina la James Stevenson, tajiri wa Uskochi aliyetoa fedha zake. Barabara hiyo ilikusudiwa kuunganisha Karonga, ng'ambo ya Songwe, na Ziwa Tanganyika, lakini ni sehemu yake tu iliyojengwa. Fedha zilikuwapo, na ramani ilikuwapo. Nchi haikukubali kwa urahisi. Wadachi nao, katika mwaka 1893, waliileta meli ya Hermann von Wissmann katika ziwa hili kwa vipande vilivyosafirishwa kutoka pwani, kisha vikaunganishwa upya. Kabla chombo hakijambeba mwanadamu, mwanadamu alikuwa amekibeba chombo.

Kisa kilicho dhahiri zaidi kuliko vyote ni cha motokaa yenyewe. Mwezi wa Agosti 1907, ofisa wa Kidachi aliyeitwa Paul Graetz alitoka Dar es Salaam kwa motokaa, akakusudia kulikata bara la Afrika hata Swakopmund, katika pwani ya Bahari ya Atlantiki. Alifika mwezi wa Mei 1909. Njia yake ilipita Tabora, ikashuka kandokando ya Ziwa Tanganyika, magharibi ya Kyela, lakini funzo lake linaihusu nchi yote. Mafuta ya motokaa ile yalilazimika kutangulizwa na kuwekwa akiba vituoni. Palipokuwa na mto, motokaa ilivutwa. Palipokuwa na mchanga au matope, ilisukumwa. Dunia ikamkumbuka mwenye motokaa, wala haikuandika majina ya waliomvutia. Vita vya mwaka 1914 vilipowadia, na majeshi ya Northey yalipovuka Songwe kutoka Nyasaland katika mwaka 1916, mzigo wa vita pia uliwaangukia watu wa miguu, wale walioitwa tengatenga, na wengi wao hawakurudi makwao.

Baada ya vita hivyo Waingereza walitawala, na lori likaanza kuchukua kazi ya mpagazi. Idara ya Reli iliendesha mabasi na malori katika Nyanda za Juu za Kusini, na wafanya biashara wa Kihindi walikuwa na malori yao. Kwa mkazi wa Kyela, motokaa ilikuwa chombo cha kupanda kwa nauli, wala haikuwa chombo cha kumiliki. Chombo cha kumiliki kilikuwa baiskeli. Vijana wengi wa Kinyakyusa walikwenda kutafuta fedha katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, na wengine wakaenda mbali zaidi, katika migodi ya Rhodesia ya Kaskazini na ya Afrika ya Kusini. Waliporudi walikuwa na nguo, fedha ya kununulia ng'ombe wa mahari, na mwenye bahati alirudi na baiskeli. Nchi tambarare iliipokea baiskeli kama iliyozaliwa nayo. Haikudai mafuta, ilipita juu ya kingo za mashamba ya mpunga, na maji yalipozidi, mwenyewe aliibeba begani. Chombo ambacho mtu anaweza kukibeba kinapomshinda ni chombo cha kuaminika.

Wilson na mkewe Monica, wataalamu waliokaa miongoni mwa Wanyakyusa baina ya miaka ya 1934 na 1938, walieleza desturi iliyowashangaza: wanaume wa rika moja walijenga kijiji chao wenyewe wakakaa pamoja. Fadhila kuu ya kijiji hicho iliitwa ukwangala, yaani raha ya kukaa pamoja na wenzi, kula nao na kuzungumza nao. Mtu aliyekula peke yake alionwa kuwa amevunja haki ya wenziwe, na pumzi ya watu walioudhika iliaminiwa kuwa yaweza kumletea maradhi. Vijiji vya marika havipo tena kama vilivyokuwa, walakini hesabu ya maadili iliyofundishwa humo haikufutika. Ndiyo hesabu inayoeleza kwa nini kumiliki kitu kikubwa katika nchi hii hakujapata kuwa habari ya mwenyewe tu.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, swali la motokaa lilipanda daraja likawa swali la taifa. Motokaa ilikuwa alama ya aliyerithi kiti cha mkoloni, na katika Afrika ya Mashariki likazuka neno wabenzi, la kuwasimanga wakubwa waliopanda Mercedes-Benz. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika makampuni, mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Motokaa haikuwamo katika orodha ya makatazo. Hata hivyo Azimio lilisema neno zito juu yake: kwamba barabara za lami huwafaa hasa wenye motokaa, na ikiwa zimejengwa kwa mkopo, basi mkopo huo hulipwa kwa mazao ya mkulima. Kwa mkulima wa mpunga wa Kyela, aliyetembea kwa miguu au kwa baiskeli, maneno hayo yalikuwa hesabu ya jasho lake mwenyewe. Miaka miwili baadaye, Mwalimu Nyerere alipoueleza Mpango wa Pili wa Maendeleo, alitoa kauli iliyobaki katika lugha yetu: kupanga ni kuchagua.

Kisha ikaja miaka ambayo uchaguzi wenyewe ulipungua. Bei ya mafuta ilipanda duniani tangu mwaka 1973. Serikali ikazuia safari za motokaa za binafsi Jumapili mchana, isipokuwa kwa kibali. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vikazidisha upungufu wa fedha za kigeni. Mipira na vipuri vikawa adimu, na motokaa nyingi zikasimama juu ya mawe mbele ya nyumba za wenyewe. Mwenye baiskeli alipata taabu pia, lakini taabu yake ilitengenezeka chini ya mwembe kwa kiraka na gundi. Katika mwaka 1984 Serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, na tangu hapo mlango wa motokaa ukafunguka kidogo kidogo, hata ikafika zama za motokaa kuukuu kutoka Japani.

Barabara nayo ikabadilika. Vita vya Msumbiji vilipoifungia Malawi njia zake za kwenda bahari, shehena yake ilitafutiwa njia ya kaskazini kupitia Mbeya hata Dar es Salaam, na barabara inayoshuka kutoka Uyole kupita Tukuyu hata mpaka wa Songwe ikapata umuhimu ambao haikuwa nao. Katika miaka ya 2010 lami ilijengwa pia kutoka Kikusya kupita Ipinda hata Matema. Hapo zamani mtu angeweza kusema kuwa hana motokaa kwa sababu hakuna barabara. Udhuru huo umekwisha, na sasa mtu huchagua kwa hiari yake.

Basi hesabu yenyewe ikoje? Anayetetea kumiliki ana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Kuishi bila motokaa kuna gharama, na gharama hiyo aghalabu hulipwa na asiyeulizwa. Mwanamke hubeba kichwani gunia ambalo lori lingelibeba. Mja mzito aliyeshikwa na uchungu usiku wa masika hungoja chombo ambacho hakiji. Mgonjwa aliyefungwa juu ya kiti cha nyuma cha baiskeli hajui kama njia ni fupi au ndefu. Anajua maumivu tu. Anayesema kuwa wazee waliishi bila motokaa na wakastawi hana budi kukumbuka pia wale ambao hawakustawi.

Anayetetea kuishi bila motokaa naye ana hoja. Motokaa hula hata siku isiyokwenda: bima hudaiwa, betri hufa, chuma hushika kutu katika hewa ya unyevu. Mali bila daftari huisha bila habari, na motokaa ni mali inayodai daftari kila wiki. Siku ya haja, chombo cha kukodi kipo: basi dogo la kwenda Mbeya, pikipiki, au baiskeli ya abiria. Desturi ya kumpakia abiria kwa nauli juu ya baiskeli ilipata jina la bodaboda katika mpaka wa Kenya na Uganda, huko Busia, miaka ya 1960, na mipaka hufanana: Songwe nayo ina watu wa kuvushwa. Mwenye kukodi hulipia safari. Mwenye kumiliki hulipia pia siku zote zilizo baina ya safari na safari.

Walakini hoja hizi mbili zote humhesabu mtu mmoja, na hapo ndipo zinapopungukiwa. Katika bonde hili, siku motokaa inapoingia uani, inaingia pia katika daftari la jirani. Itakuwa motokaa ya wagonjwa usiku, ya maiti asubuhi, ya harusi Jumamosi, na ya mpunga siku ya soko. Mwenyewe akikataa, amekula peke yake, na adhabu ya mlaji wa peke yake inajulikana. Akikubali kila ombi, motokaa itakwisha kabla ya deni lake. Wengi waliopata hasara hawakushindwa na bei ya kununua. Walishindwa kwa sababu walihesabu mafuta ya safari zao tu, wakasahau safari za watu.

Jambo hili limekuwa la haraka katika miaka ya karibuni. Kyela ndiyo sehemu kuu ya kilimo cha kakao nchini Tanzania, na katika mwaka 1924 hapakuwa na mtu ambaye angeota yale yaliyotokea karne moja baadaye: mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la dunia ilipita dola 10,000 kwa tani. Fedha ambazo baba alizitafuta chini ya ardhi ya nchi za mbali zilimfikia mwana chini ya miti yake mwenyewe. Bei za namna hiyo hupanda na kushuka. Mti wa kakao hubaki, na motokaa huchakaa. Ng'ombe wa zamani alizaa. Nyumba huhifadhi. Ada ya shule hugeuka kuwa mtu. Motokaa huzaa pale tu inapofanya kazi.

Habari hizi zote, tangu mabega ya wapagazi hata mnada wa kakao, zinaelekea upande mmoja. Chombo kilichostawi Kyela ni kile ambacho mzigo wake uligawanywa kwa haki: mtumbwi wa jamaa, baiskeli ya nyumba, lori la wengi. Kilichotesa ni kile kilichobebwa na wengi kwa faida ya mmoja, au kilichobebwa na mmoja kwa faida ya wengi bila mapatano. Kwa hiyo, anayefikiri kununua motokaa, baada ya kuzihesabu fedha zake, na awahesabu pia watu wake. Aseme nao mapema nani atatia mafuta usiku wa mgonjwa, na nani atalipa mpira ukipasuka njiani Ipinda. Wakikubaliana, na anunue. Wasipokubaliana, baiskeli yake ingali nzuri, na nauli ya basi haitamfilisi. Swali litakalobaki ni la yule mja mzito wa masika, na hilo haliwezi kujibiwa na mtu mmoja, awe na motokaa au asiwe nayo. Ni swali la kijiji kizima, kama lilivyokuwa siku zote.