Peng Dehuai: Marshali Aliyemwandikia Mao Barua

Peng Dehuai alizaliwa mwaka 1898 katika wilaya ya Xiangtan, jimbo la Hunan, wilaya aliyotoka pia Mao Zedong, kiongozi wa baadaye wa China ya kikomunisti. Ila Mao alikulia katika nyumba yenye chakula, na Peng akakulia katika ufukara. Mama yake alifariki Peng angali mdogo, naye akaacha shule, akaombaomba, kisha akaenda kuchimba makaa ya mawe akiwa bado mtoto. Mwaka 1916 alijiunga na jeshi la Hunan, ambako askari alipata mshahara na mlo.

Alisoma katika chuo cha kijeshi cha jimbo hilo na kupanda vyeo katika jeshi la chama tawala cha Kuomintang. Mwaka 1928 alijiunga kwa siri na Chama cha Kikomunisti, na mwezi Julai mwaka huohuo akawaongoza askari wake kuasi katika mji wa Pingjiang. Mwishoni mwa mwaka aliungana na Mao na kamanda wa kikomunisti Zhu De katika milima ya Jinggang. Wakati wa Matembezi Marefu ya 1934 hadi 1935, wakomunisti walipoyakimbia majeshi ya Kuomintang, kikosi chake kilikuwa miongoni mwa vile vilivyotangulia kufungua njia.

Japani ilipoivamia China mwaka 1937, Peng alikuwa naibu kamanda wa Jeshi la Njia ya Nane, jeshi la wakomunisti. Mwaka 1940 aliongoza mashambulizi makubwa dhidi ya reli na ngome za Wajapani kaskazini mwa nchi. Baadaye, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe dhidi ya Kuomintang, alipewa jukumu la kaskazini-magharibi, ambako makao makuu ya chama, Yan'an, yalitekwa mwaka 1947 na kukombolewa mwaka uliofuata.

Oktoba 1950 Mao, ambaye sasa alikuwa kiongozi wa nchi, alimkabidhi wanajeshi walioingia Korea kupigana na majeshi yaliyoongozwa na Marekani. Mwezi uliofuata shambulio la ndege lilimuua Mao Anying, mtoto wa Mao, aliyekuwa akifanya kazi katika makao makuu ya Peng. Vita vilisimama Julai 1953, na Peng akatia saini mkataba kwa niaba ya wanajeshi wa China. Mwaka 1954 aliteuliwa kuwa Waziri wa Ulinzi, na mwaka 1955 akawa mmoja wa wanajeshi 10 waliopewa cheo cha marshali.

Mwaka 1958 Mao alianzisha Hatua Kubwa ya Kusonga Mbele, mpango wa kuinua viwanda na kilimo kwa kasi. Peng alipotembelea Hunan alikuta mazao yameachwa mashambani huku wakulima wakiyeyusha chuma katika tanuri za vijijini. Takwimu za mavuno nazo zilikuwa zimetiwa chumvi. Mkutano wa viongozi ulipofanyika Lushan, Julai 1959, alimwandikia Mao barua binafsi akieleza kasoro hizo. Mao aliagiza ichapishwe na kugawiwa kwa wajumbe, kisha akamshambulia mwandishi wake mbele yao. Peng alivuliwa uwaziri, nafasi yake ikachukuliwa na marshali mwenzake, Lin Biao. Waliobaki waliogopa kusema, mpango ukaendelea, na njaa ikaua mamilioni ya watu.

Alihamishiwa kiungani mwa Beijing, akawa analima bustani. Mwaka 1962 aliandika utetezi mrefu, lakini haukumrudisha kazini. Mwaka 1965 alipelekwa Sichuan kusimamia viwanda, na Desemba 1966 Walinzi Wekundu, vijana wa kampeni ya Mao ya Mapinduzi ya Utamaduni, wakamkamata na kumrudisha Beijing. Alipigwa, akadhalilishwa hadharani na kuhojiwa mara nyingi.

Alifariki kwa saratani tarehe 29 Novemba 1974, akiwa bado chini ya ulinzi. Mwili wake ulichomwa na majivu yakapelekwa Chengdu kwa jina la uongo. Chama kilimsafisha jina Desemba 1978, miaka miwili baada ya kifo cha Mao, na kumfanyia hafla rasmi ya kumbukumbu. Maelezo aliyoandika akihojiwa yalikusanywa na kuchapishwa mwaka 1981 kama kumbukumbu za maisha yake.