Majedwali ya Bateman na Mashine Iliyouliza Maswali

Joseph Fourier alipochapisha kitabu chake juu ya mwendo wa joto mwaka 1822, aliwaachia wanahisabati zawadi yenye deni ndani yake. Jambo lipandalo na kushuka laweza kuchambuliwa likawa mkusanyiko wa mawimbi sahili. Lakini atakaye kuchambua kwa herufi, si kwa tarakimu, sharti akokotoe integrali, na integrali nyingi ni kaidi.

Kwa zaidi ya miaka mia kazi hiyo ilikuwa ya kalamu na majedwali. Harry Bateman alipofariki mwaka 1946 aliacha lundo kubwa la maandiko juu ya fomula za namna hiyo. Arthur Erdélyi na wenzake walilirithi, na mwaka 1954 wakatoa majuzuu mawili ya migeuzo, ya Fourier ikitangulia. Mtafiti alitafuta ukurasani sura iliyofanana na yake, akanakili jibu.

Mwaka 1961 James Slagle, mwanafunzi wa MIT, alitunga programu ya kukokotoa integrali kwa herufi. Ilipewa maswali 86, ikashindwa na mawili tu. Robert Risch akaonyesha, mwaka 1969, jinsi ya kuamua kama integrali yaweza kuandikwa kwa fomula za kawaida au haiwezi. Ufumbuzi huo, kwa uzuri wake wote, hauutoshi mgeuzo wa Fourier. Mchirizo wa Gauss wenye umbo la kengele hauna integrali ya namna hiyo. Hata hivyo eneo lake zima, kutoka ncha hata ncha, lajulikana vema. Basi majedwali yakaingia tena kompyutani, kwa mlango wa uani.

Programu ya Macsyma, iliyoanzwa MIT mwaka 1968, ilikuwa na tabia moja iliyowachosha wengi: katikati ya kazi husimama ikauliza kama herufi *a* ni chanya, hasi au sifuri. Huo haukuwa ukaidi, ulikuwa uaminifu. Jambo lififialo pande zote mbili za sifuri kwa kasi ya *a* lina mgeuzo safi *a* ikiwa chanya. Ikiwa hasi, halififii bali hukua bila kikomo, wala mgeuzo haupo. Mashine ijibuyo bila kuuliza hutoa fomula nzuri isiyo na maana.

Swali la kipimo halikuulizwa. Mathematica, ya mwaka 1988, kwa desturi yake hugawanya kwa kipeuo cha pili cha 2π; Maple haigawanyi. Majibu yote mawili ni kweli, na ukubwa wa moja ni takriban mara 2.5 ya lingine.