Dome Aliyepewa Jina Hamburg

Mwaka 1884, katika makumbusho ya Hamburg, Georg Pfeffer alieleza kwa maandishi sifa za dome aliyetoka katika bahari zetu, akamwita Sepia zanzibarica. Ndio mwaka ule ule Carl Peters alipopita Usagara akikusanya mikataba yake. Pfeffer (jina ambalo kwa Kijerumani ni pilipili) hakuwa mtu wa mikataba, lakini Hamburg na Unguja zilikwisha kujuana: nyumba ya O'Swald ilikuwa na biashara Unguja tangu 1849.

Jina hilo lisomwe kwa macho ya wakati wake. Zanzibar ya siku hizo ilikuwa dola ya Sayyid Barghash, na Dar es Salaam, mji ulioasisiwa na nduguye Majid katika miaka ya 1860, ilikuwa ndani yake. Mvuvi wa Kunduchi au Kigamboni hana sababu ya kumwona mnyama huyu kuwa ni wa ng'ambo.

Kwake yeye, jina ni dome tu. Ngisi ni mwembamba. Dome ni mpana, na mgongoni amefichama mfupa mweupe, mwepesi, ambao mawimbi huuleta ufukweni mwenyewe akishakufa. Mfupa huo una vyumba vidogo vidogo vya hewa na maji, na kwa kuzidisha au kupunguza maji hayo dome huelea au huzama. Ana mioyo mitatu na damu ya rangi ya buluu. Wino wake ndio uliowapa wachoraji wa Ulaya rangi ya sepia, neno la Kiyunani lisilo na maana nyingine ila dome mwenyewe. Huyu wa Pfeffer hufikia sentimita 25 za kiwiliwili na hukaa kwenye kina cha mita 20 hadi zaidi ya 100, basi mkuki wa mwambani haumfikii kwa urahisi.

Baruti ni jambo jingine. Dome wengi huishi mwaka mmoja au miwili, hubandika mayai kwenye matumbawe na mimea ya bahari, kisha hufa. Mayai yakiharibiwa, wazazi hawapo tena wa kutaga mengine. Bongoyo, Mbudya na Pangavini zilitangazwa hifadhi mwaka 1975, na sheria ya hifadhi za bahari ikatungwa 1994. Milipuko iliendelea kusikika pwani ya Dar es Salaam kwa miaka mingi baadaye.