Pampu ya Tipa na Sheria ya California

Hapa kwetu Sigor, tipa ikileta kokoto, dereva anavuta kiwiko tu na bodi inainuka. Siri ni pampu ya gia: gia mbili zilizoumana ndani ya kasha la chuma. Zikizunguka, meno hubeba oili pembeni, kando ya kasha. Katikati meno yameshikana, kwa hivyo oili hairudi nyuma. Inaingia silinda na kuinua mzigo.

Pampu za hidroliki ziliwahi pia kukwepa sheria. Vijana wa California wenye asili ya Meksiko walipenda magari yaliyoinama. Kuanzia 1958, jimbo likapiga marufuku gari lenye sehemu iliyo chini ya rimu. Sheria haikumtaja mtu, lakini wao ndio waliosimamishwa. Sisi tunaosimamishwa kwa sababu ya rasta tunaelewa.

Mwaka 1959, Ron Aguirre alifunga pampu na valvu za Pesco kwenye Corvette yake. Polisi wakitokea, gari linapanda, wakipita, linalala.

Marufuku hiyo ilifutwa kuanzia Januari 2024. Aguirre hakusubiri, aliongeza oili.