Ukienda Ziwa Basotu, usipite mashamba umelala (Sehemu ya 3)

Baada ya ile sehemu ya Mbulu mjini wengi mmeniuliza: nesi, mtu akiwa na off ya siku moja tu, aende wapi huku kwetu? Jibu langu ni Katesh asubuhi, Ziwa Basotu mchana, jioni urudi. Lakini sitaki uende kama wale wanaoshuka kwenye gari, wanapiga selfi, wanakula samaki na kuondoka. Utakachokosa ukisinzia njiani ni kikubwa kuliko ziwa lenyewe.

Tuanze Katesh. Ni makao makuu ya wilaya ya Hanang, kwenye lami ya Babati kwenda Singida, na mlima unauona kila unapogeuka. Mlima Hanang una mita 3,417, ni volkano iliyolala. Wengi wanakuja kuupanda kupitia Jorodom. Wewe kama huna miguu ya kupanda, tafuta kibanda cha chai siku ya mnada, ukae nusu saa usikilize tu. Utasikia Kiiraqw, ambacho ni lugha ya Kikushi, ndugu wa mbali wa Kisomali. Utasikia Kidatoga cha Wabarabaig, ambacho ni Kiniloti. Utasikia Kinyaturu na Kinyiramba, ambavyo ni Kibantu. Na upande wa Yaeda, wilaya ya Mbulu, wapo Wahadzabe na lugha yao ya kugongesha ulimi. Sehemu chache sana Afrika zina mkusanyiko wa namna hii, na sisi tunaupita kila siku tukienda kununua nyanya.

Jambo moja la adabu. Usimwite Mbarabaig "Mmang'ati". Hilo jina walipewa na Wamasai, na maana yake ni adui. Wenyewe wanajiita Wadatoga, na Wabarabaig ni tawi lao kubwa. Karne ya 19 Wamasai waliwatoa Ngorongoro, wakasogea kusini hadi wengi wakakusanyika kuuzunguka Hanang. Mpaka leo kuna makaburi ya wakubwa wao kule kreta wanayoyaheshimu. Kwa hiyo ukisikia watu hawa wana uchungu na ardhi, ujue uchungu huo haukuanza jana.

Mnakumbuka pia tarehe 3 Desemba 2023. Jumapili alfajiri, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima iliyokuwa imelowa ilimomonyoka. Tope, mawe na magogo vikashuka hadi Katesh, Gendabi na vijiji vya jirani. Walikufa watu zaidi ya 80. Wengine walidhani volkano imeamka, lakini wataalamu wakasema hapana, ni miamba dhaifu iliyokunywa maji ikashindwa kujishikilia. Baadaye zikajengwa nyumba zaidi ya 100 za waathirika mahali panaitwa Waret. Shika hilo jina, tutalirudia.

Sasa panda gari, shika barabara ya Mogitu kwenda Haydom, inayopita Basotu. Hapo ndipo nakwambia usilale. Utaona tambarare, pana, udongo mzuri. Mgeni anasema, "Jamani, huku kuna ardhi kubwa haina watu!" Hata wapangaji wa zamani walisema hivyohivyo, na ndiyo ilikuwa balaa.

Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, Serikali ilitaka nchi ijitegemee kwa ngano. Miji ilikuwa inakua, watu wanataka mkate. Likaja shirika la umma la NAFCO, likaja na msaada wa Kanada: matrekta, mbegu, wataalamu. Yakafunguliwa mashamba saba, kila moja kama ekari 10,000: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Waret. Naam, Waret ileile.

Tuseme ukweli wote. Ngano ilipatikana. Sehemu kubwa ya ngano iliyolimwa nchini miaka ile ilitoka hapa, na huenda chapati aliyokula mama yako utotoni ilianzia Hanang. Vijana walipata kazi na ufundi. Lakini ile ardhi haikuwa tupu.

Mbarabaig hafugi mahali pamoja. Mvua ikinyesha, ng'ombe wanakwenda tambarare yenye nyasi nene na tamu, wao wanaiita muhajega. Kiangazi wanahama: kandokando ya mito, miguuni pa mlima, karibu na ziwa. Ukipita kiangazi ile tambarare utakuta haina mtu, maana imepumzishwa. Wenyewe wapo, ila zamu ya pale bado. Ni kama wodi. Ukiingia mchana usimkute nesi wa usiku, ukasema huyu hana kazi, ukamfuta, utajua saa nane ya usiku ulichofanya. Walipochukua muhajega, mifugo yote ikabanana kwenye maeneo mengine, nyasi zikaisha kabla ya wakati. Na mimi nesi naongezea hili: mtoto wa mfugaji anaishi kwa maziwa. Nyasi zikipungua, wa kwanza kuonekana kliniki akiwa amekonda ni yeye.

Kingine kilichouma ni makaburi. Mzee anayeheshimika wa Kibarabaig akifa, kaburi lake, bung'ed, linajengwa kwa udongo na miti kama kichuguu kirefu, na shughuli ya mazishi inakwenda miezi. Baadaye ndugu wanarudi pale kuomba. Matrekta yalilima juu ya baadhi ya makaburi hayo. Jiulize kama lingekuwa la babu yako.

Hawakukaa kimya. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani, na mwaka 1984 Mahakama Kuu ikawapa haki. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaigeuza hukumu. Sababu moja inashangaza hadi leo: ilitakiwa ithibitishwe kwamba wanakijiji ni "wenyeji" kwa maana ya sheria ya ardhi, ambayo tuliirithi kwa mkoloni. Yaani Mbarabaig, Hanang, anatakiwa alete ushahidi kwamba ni mwenyeji! Mwaka 1987 ikatoka amri ya kufuta haki za kimila katika vijiji vya eneo lile. Malalamiko ya kupigwa na kutozwa faini kwa kuvuka mashamba yakazidi, mpaka Rais akaunda tume chini ya Jaji Kisanga kuyachunguza. Kanada ikaondoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, NAFCO nayo ikafifia, mashamba mengine yakarudi kwa wananchi, mengine yakaenda kwa wawekezaji.

Umefika ziwani. Basotu ni ziwa la kreta, maji yake ni baridi, siyo ya magadi kama Balangida lililo upande wa pili wa Hanang. Utaona viboko, ndege wengi, na perege wa kukaanga hapohapo. Zuri kweli. Wafugaji nao wanaleta ng'ombe kunywa, na ukiwauliza wazee watakwambia udongo wa mashambani ulivyokuwa unasombwa na mvua kuja huku.

Ushauri wangu wa kinesi: usiogelee. Kuna viboko, na maji baridi yenye konokono ni nyumba ya kichocho. Ukikaribishwa maziwa, pokea kwa mikono miwili, lakini omba yachemshwe. Na kamera yako iombe ruhusa kwanza, hasa kwa akina mama waliovaa ngozi zao. Ukiona kichuguu kirefu kimeshikiliwa na miti, usipande juu yake kupiga picha.

Jioni ukirudi, pale Mogitu muulize dereva Waret ni wapi. Ardhi iliyohesabiwa haina mtu, baadaye shamba la ngano, leo lina nyumba za waliokimbia tope. Kila mara ilikuwa na mtu. Kwa hiyo siku ukisikia mtu anasema mahali fulani ni pori tu, tena hasa akiwa na ramani mkononi, muulize kwanza: umekuja msimu gani?

Sehemu ya 4 tutaendelea na barabara hiihii mpaka Haydom, tuone hospitali iliyofunguliwa mwaka 1955 katikati ya pori la mbung'o. Wenye wazee wa Basotu au Mulbadaw, waulizeni majina ya zamani ya yale maeneo kabla hayajawa shamba namba fulani, mniandikie hapa chini. Usiku mwema, mimi naingia zamu.