Home Again: albamu ya kwanza ya Michael Kiwanuka

Home Again, yaani Nyumbani Tena, ni albamu ya kwanza ya Michael Kiwanuka, mwimbaji, mpiga gita na mtunzi wa nyimbo wa London ambaye wazazi wake wote wawili ni Waganda. Ilitoka mwezi wa Machi 2012, yeye akiwa hajatimiza miaka 25. Ina nyimbo 10, zote za polepole au za mwendo wa wastani, na muziki wake ni wa souli: ule muziki wa Wamarekani weusi uliozaliwa makanisani ukatoka nje kwenda kuimba mapenzi, taabu na safari. Wasomaji wa umri wangu watamkumbuka Otis Redding, na Bill Withers aliyetoa albamu yake ya kwanza 1971. Kiwanuka anatembea katika njia hiyo hiyo, ila yeye ameianzia kaskazini ya London.

Mimi si mtu wa muziki. Nilikuwa karani wa hesabu mpaka nilipostaafu, na muziki nilioujua ni taarabu ya nyumbani kwetu Unguja na nyimbo za kinanda tulizofundishwa na masista skulini. Albamu hii nililetewa na mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa pili, anayesoma Uingereza. Alipokuja Maskati likizo alinivisha vile vidude vya masikioni akaniambia, "Babu, msikilize huyu, ni mtu wa kwetu." Nikamuuliza, kwetu wapi? Akacheka, hakunijibu. Aliponitajia jina la mwimbaji ndipo nilipokaa sawasawa kitini.

Jina Kiwanuka nalijua tangu utoto. Skulini kwetu mapadri walituhadithia habari za Joseph Kiwanuka wa Masaka, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kufanywa askofu katika Kanisa Katoliki, aliyewekewa mikono na Papa huko Roma 1939. Hata sisi wanafunzi Waislamu, ambao tulikuwa wengi darasani, tulilishika jina lile, kwa kuwa tuliambiwa kwamba mtu wa pande zetu amefika pale. Baadaye tukamsikia Benedicto Kiwanuka, aliyekuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda na kisha jaji mkuu. Huyo alikamatwa na watu wa Idi Amin mahakamani mwezi wa Septemba 1972, na hakuonekana tena. Wajuzi wa mila za Buganda husema kwamba zamani Kiwanuka lilikuwa jina la mungu wao wa radi. Sidai kwamba kijana huyu ni wa ukoo mmoja na hao wawili, maana majina ya Kiganda huenda kwa koo na watu wengi hulishiriki jina moja. Nasema tu kwamba jina hili si jepesi, na mtoto hulibeba hata kama hajui uzito wake.

Wazazi wake walikimbia Uganda wakati wa utawala wa Amin, uliodumu tangu mapinduzi ya Januari 1971 hadi majeshi ya Tanzania yalipoingia Kampala Aprili 1979. Hadithi ya namna hiyo wasomaji wetu hawahitaji kuelezwa. Ipo katika kila nyumba ya huku, tofauti ni mwaka na bandari tu. Michael alizaliwa London Mei 1987, akakulia Muswell Hill, mtaa wa watu wenye nafasi na wengi wao Wazungu. Mwenyewe amesimulia zaidi ya mara moja jinsi alivyojihisi mgeni pande zote mbili. Uganda hakuijua, na katika mtaa aliozaliwa watoto wenye sura kama yake walikuwa wa kuhesabu. Alipenda gita na muziki wa roki, na vijana wenzake weusi wakimshangaa, maana waliuona kuwa ni muziki wa wengine.

Amesimulia pia kilichomgeuza. Ilikuwa diski ya bure iliyokuja na gazeti la muziki, na ndani yake mlikuwa na rekodi ya Otis Redding akiimba wimbo wake mashuhuri wa gatini, ile rekodi ya majaribio ambamo mtu anasikika akizungumza na mafundi wa studio kabla ya kuanza. Kijana akasikia sauti ya mtu mweusi na gita, bila mbwembwe, akaona kumbe inawezekana. Mimi jambo hili linanipendeza sana. Si wimbo uliosafishwa uliomfungua macho, ni mazungumzo ya kazini.

Alisoma muziki wa jazi katika chuo cha Royal Academy of Music, hakumaliza. Akaishi kwa kupiga gita nyuma ya wengine, wakiwemo marapa wa London kama Chipmunk na Bashy. Kazi ya namna hiyo naifahamu kwa upande wangu: unafanya hesabu zote na anayetia saini ni mwingine. Mwaka 2011 kampuni ndogo ya Communion ikatoa nyimbo zake chache chache, na mwaka huo huo akachukuliwa kufungua maonyesho ya Adele, ambaye wakati huo hakuna asiyemjua. Januari 2012 akashinda kura ya BBC ya kila mwaka inayomtaja msanii mpya wa kutazamwa, kura ile ile aliyoishinda Adele 2008. Albamu ikatoka miezi miwili baadaye kwa kampuni ya Polydor, ikafika nafasi ya nne katika orodha ya mauzo ya Uingereza.

Ilirekodiwa katika kisiwa cha Wight, kusini ya Uingereza, nyumbani kwa mtayarishaji Paul Butler wa bendi ya The Bees, ambaye studio yake ilikuwa katika chumba cha chini ya nyumba. Butler alipiga vyombo vingi mwenyewe. Sauti waliyoitafuta ni ya miaka ya mwanzo ya 1970: filimbi, saksafoni, fidla, ngoma zinazosikika kama zimefunikwa blanketi, na waitikiaji kwa mbali. Wimbo wa kwanza, Tell Me a Tale, unaingia na vyote hivyo kwa pamoja, na anayeusikia bila kuambiwa mwaka atadhani ni santuri iliyotolewa sandukuni.

Hapo ndipo nina neno. Waandishi kadhaa wa Uingereza walilalamika wakati ule kwamba albamu inaigiza mno ya zamani, na mimi mzee, ambaye ningetarajiwa kufurahia ya zamani, nakubaliana nao nusu. Katika Tell Me a Tale kijana amezungukwa na vyombo kiasi kwamba sauti yake inakuwa kama mgeni katika harusi ya watu. Bones nao ni wimbo wa kuchezea, mzuri kwa barabarani, lakini ukiisha umekwisha.

Utajiri wa albamu uko kwenye nyimbo zilizovuliwa. I'm Getting Ready ni gita na sauti na vitu vichache vya kusindikiza. Ni wimbo wa mtu anayejiandaa kuamini na bado hajaamini, na nilipousikia niliwakumbuka wale masista na kinanda chao. Hakuna mahubiri ndani yake. Rest ni kama wimbo wa kubembelezea mtoto, ila anayebembelezwa ni mtu mzima aliyechoka. Wa mwisho, Worry Walks Beside Me, unaifanya hofu kuwa mtu anayetembea pembeni yako njia nzima. Washairi wetu wa pwani wangeuelewa mara moja, maana tangu zamani wao husema na moyo na macho na usingizi kana kwamba ni majirani.

Wimbo uliobeba jina la albamu ni wa tano, katikati kabisa. Gita linachezwa kwa vidole, sauti haipandi, na maneno ni machache mno. Anachoimba ni kwamba siku moja atarudi nyumbani. Nimeusikiliza mara nyingi kwa sikio la karani, nikitafuta nyumbani kwenyewe ni wapi. Hakuna mji uliotajwa, hakuna ziwa, hakuna mgomba, hakuna jina la mtu. Mara ya kwanza niliudhika. Nilisema huyu ana wazazi wanaotoka Buganda, kwa nini asiitaje? Sisi tulipoimba habari za nyumbani tulitaja mikarafuu na Forodhani na majina ya mitaa mpaka wageni wakachoka.

Mjukuu wangu akaniambia, "Babu, atataja vipi mahali ambapo hajawahi kutoka?" Nilinyamaza. Mimi niliondoka Unguja nikiwa kijana, nikaja huku miaka michache baada ya Sultani Qaboos kushika nchi 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa ughaibuni warejee. Nikakuta kwamba niliporudi nyumbani nilikuwa sijui Kiarabu cha kutosha kununulia samaki Matrah. Kwa hiyo mimi nimepata nyumbani mara mbili, na kila mara kwa upungufu. Wazazi wa Kiwanuka walikuwa nako walikokuacha. Yeye anaimba hamu aliyorithi bila kurithi mahali. Watoto wetu walio Leeds na Dubai na Toronto ni hivyo hivyo, na huo ndio wimbo wao kuliko wetu.

Baada ya albamu hii mambo hayakuwa mepesi kwake. Iliingia katika orodha ya tuzo ya Mercury ya 2012, haikushinda, na ilipita miaka minne kabla ya albamu ya pili, Love & Hate, 2016. Hiyo ilishika nafasi ya kwanza Uingereza, na ndani yake ndipo alipoimba wazi juu ya mtu mweusi katika dunia ya weupe, jambo ambalo Home Again ililizunguka tu. Wimbo wake wa kwanza, Cold Little Heart, ukatumika kufungulia tamthilia ya Marekani ya Big Little Lies, na watu wengi walimjua hapo. Albamu ya tatu, ya Novemba 2019, aliipa jina lake la ukoo peke yake, kwa herufi kubwa: KIWANUKA. Alieleza kwamba hakutaka kujificha nyuma ya jina la kubuni kama wafanyavyo wasanii wengine, kwamba huyu ndiye yeye. Hiyo ndiyo iliyomletea tuzo ya Mercury, 2020. Ya nne, Small Changes, ilitoka Novemba 2024. Anayetaka kuona alikofika asikilize ya tatu. Anayetaka kuona alikotoka, na kwa nini jina lilikuja kuwa jambo la kutangazwa kwa herufi kubwa, aanze na hii.

Nina sababu ya kulisisitiza jina. Nilipoandikishwa kazi yangu ya kwanza huku, katika ofisi ambayo sitaitaja, karani mwenzangu aliandika jina la babu yangu visivyo, na nikaona tabu kumsahihisha mbele ya mkubwa. Miaka 28 nilipokea mshahara kwa jina la mtu asiyekuwapo. Nilipostaafu nilihangaika miezi minne kupata haki yangu, kwa kuwa faili na pasipoti havikulingana.

Mjukuu wangu naye anatunga nyimbo, nyingine kwa Kiingereza na mbili kwa Kiswahili. Anataka kuzitoa, na anataka kuzitoa kwa jina la kukata, silabi mbili tu, maana anasema hukohuko chuoni hakuna anayeweza kulitamka lake. Baba yake amekasirika na hawasemezani vizuri. Nikamtolea mfano wa Kiwanuka, nikadhani nimemaliza kesi. Akanijibu kwa adabu, "Lakini babu, Farrokh Bulsara alizaliwa hapo hapo kwenu Unguja 1946. Akajiita Freddie Mercury, na nyinyi wazee mnajisifu naye mpaka leo."

Sikuwa na jibu, na bado sina. Nilimwambia tu kwamba kama atalikata, alikate mwenyewe kwa kalamu yake, asimwachie karani.

Kabla hajaondoka tulikwenda Nizwa kuwaona jamaa, yeye akiendesha. Aliiweka Home Again tangu Seeb. Ulipofika Rest akapunguza mwendo, akaanza kuuitikia chini chini, kwa maneno ya Kiswahili aliyoyatunga yeye. Nikajifanya nimelala ili asinyamaze.